Mama anasema nini mu ile filme

Beni, siku ya pili asubui

Mama yangu muzazi,

Kaa kwanza. Dada Kahindo akusomee polepole, asiruke ata neno moja, ata pale atasikia haya. Jambo sana, mama. Magoti inaendelea namna gani na ile baridi ya Alimbongo? Kuni nani anakuletea? Viazi ilitoka muzuri? Sisi huku tuko. Masika bibi yangu anafikisha mwezi ya sita, tumbo inamulemea, lakini anakula. Tunalala, tunaamuka. Mu Beni, na ile mauaji ya usiku, kuamuka ni habari.

Ujumbe yako dereva wa viazi alinifikishia. Kumbe maneno imefika mpaka kule! Balikuambia mimi, Kambale, nilitukana mukubwa wangu Paluku mu micro, Beni muzima inasikia, na unataka niombe musamaha. Sawa. Sikiliza namna ilipita, kisha uniambie wa kuomba musamaha ni nani.

Kazi yangu unaijua. Tunaonyesha filme za Kihindi mu salle ya sinema, batu banakaa ku benchi, mimi nasimama na micro ya kusemea kando ya écran, kile kitambaa cha picha, nasema mu Swahili ile Bahindi beko nasema. Kihindi sijui ata neno moja. Naangalia macho, naangalia mikono, naangalia nani analia, njo naongea. Na majina yao hakuna mutu wa kuishika, basi naweka ya kwetu, ile kila nyumba inapeana kwa kufuata kuzaliwa: mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, mwenye kumufuata Kambale. Nikisema tu "Paluku ameingia", batu bote bamejua ni mukubwa, habaulizi tena. Ni desturi ya salle, mama. Siku zote ninafanya vile.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa ya pili, patron mwenye salle akaleta filme mupya. Sikupata wakati ya kuiangalia mbele. Salle ikajaa: bamama na batoto ku mugongo, na baaskari babili ba Kinshasa mbele kabisa. Filme inaanza, muzee anakufa, anaacha batoto babili. Nikasema kama kawaida, huyu Paluku, huyu Kambale. Banazika muzee. Banarudi, banakaa mu nyumba. Mukubwa anasimama, anaonyesha mudogo mulango na kidole.

Mama, maneno ikanitoka yenyewe. Nilisema: "Shamba ya baba haiko ya mutu wa kuchekesha batu na sinema. Rudia kule ulitoka!" Ile Muhindi alisema, Mungu anajua. Ile mimi nilisema, unajua ilitoka kwa nani. Ni mu kikao ya familia, siku tatu nyuma ya kuzika baba. Ulikuwa karibu ya moto, unachambua maharagi. Na wewe njo ulikuwapo pale baba alisimika fito, akaniambia: jenga hapa. Ulichambua maharagi tu.

Salle ikawaka! Mama mwenye kuuza samaki akapanda ku benchi: "Huyu Paluku ni mwizi!" Askari moja, mu Lingala: "Paluku, oza mabe!", ni kusema uko mubaya. Na ku mulango iko baffle, sanduku ya sauti ile inaita batu ba barabara, inasikika mpaka mbali. Njo pale shemeji ya Paluku, huyu wa kuuza mbao, alikuwa anapita. Alisimama, akasikia, akabeba yote mpaka Alimbongo. Kuingia tu aone kama ni Bahindi, ile ilimushinda.

Lakini sitakudanganya. Mwanzo ilikuwa mazoea. Kisha nilijua ninasema nani, na nikaendelea. Ilinipendeza, mama. Nilisema yote ile nilimeza tangu mwaka jana.

Sasa hapa, Kahindo asome mara mbili. Mu ile filme, mama yao anasimama. Ananyoosha mukono, anasema. Anasema murefu, na Paluku anainamisha kichwa. Na mimi, mwenye kuongea sawa redio, nikakosa. Nilitafuta neno ya kuweka mu mudomo yake, sikupata. Tangu nizaliwe sijasikia mama anamukataza Paluku kitu. Batu bakaanza kupiga benchi: "Mama anasema nini? Tafsiri! Mama anasema nini?"

Nikajibu mu micro: "Hasemi kitu."

Bakanizomea. "Muongo! Tunaona mudomo yake!" Nikaweka micro chini, nikatoka inje, nikalia pale ku ukuta kama mutoto. Patron alikasirika, haiko shida.

Musamaha sitaomba. Masika anaogopa kuzalia huku, kila siku ananiuliza tutajenga wapi. Ita Paluku na baba mudogo, useme mbele yao ile uliona: baba alinipa pale, ao hakunipa. Neno moja tu, mama. Hauna deni ingine kwangu.

Salimia baba mudogo na kikohozi yake. Salimia tate, mukongwe wetu, mumuambie misa ile alinituma nimeiomba. Bibi ya Paluku na batoto yake nabasalimia, habana kosa. Kahindo, dada yangu, aksanti ya kusoma. Usilie mbele yake. Paluku, simusalimii.

Dereva anarudi huku siku ya ine. Akinifikia bila neno yako, mama, ile kimya sitahitaji mutu anitafsirie.

Ni mimi mutoto wako, uliyeninyonyesha sawa Paluku,
Kambale