Kiswahili cha Mzee Tony

Rayners Lane, London
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa ruhusa ya kufika kanisani leo. Sisi huku wazima. Emma anakusalimu kwa Kiingereza. Kiswahili mjukuu wako anakisikia chote, ila kumwambia akiseme ni kama kumwomba figo. Mimi nimeongezeka kilo ambazo sitazitaja, maana barua hizi anakusomea Jennifer kwenye simu yake, na dada yangu huyo hajawahi kutunza siri.

Umeuliza habari za kazi. Bado niko na yule mzee wa Kingsbury, Tony, Mwairishi wa miaka tisini. Asubuhi namwogesha, namvalisha, namtengenezea chai nyeusi kama lami, kisha ananitukana. "Naftali, wewe mnene mno kwa ngazi hizi." Namjibu, "Na wewe mwembamba mno kwa suruali hii." Tunaelewana vizuri.

Sasa sikiliza kichekesho. Juzi nilimwambia Tony kwamba mama yangu ni mzaliwa wa Nyeri, ndoa tu ndiyo iliyomleta Voi. Akatoa Kiswahili! Cha kweli kabisa, Mama: "Mikono juu! Kaa chini! Upesi! Kipande wapi?" Nilicheka hadi nikamwaga chai. Anasema aliwahi kufanya kazi Kenya zamani. Nadhani alikuwa fundi wa barabara. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikiingia namwinulia mikono juu. Yeye hacheki. Nafikiri ni yale meno ya bandia.

Mwanao,
Naftali

Rayners Lane
28 Machi 2025

Mama,

Shikamoo tena. Kwa kawaida unanijibu kabla sijamaliza kuosha vyombo, na sasa ni karibu wiki tatu. Jennifer anasema u mzima, unakula, ila barua "bado anaifikiria". Kama ni zile kilo, nitapunguza.

Naftali wako

Voi
2 Aprili 2025

Mwanangu Naftali,

Marahaba. Goti lipo, nami nipo. Jennifer ataupiga picha ukurasa huu akutumie, nimemwambia asiongeze neno.

Huyo si fundi wa barabara. Fundi wa barabara angejua kusema "chimba" na "lete maji". Maneno uliyoyaandika, hadi kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, ndiyo waliyokuwa nayo askari wa Mwingereza wakati wa Hali ya Hatari, walipowasaka wapiganaji wa msituni. Hawakuwa na mengine.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Walikuwa wametuhamisha kutoka mashambani, wakatusonga kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Asubuhi moja wakaja kupekua. Nyanya yako alikuwa mlangoni, amempakata mjomba wako Humphrey, hata kutambaa hajajua. Askari mmoja kijana, uso mwekundu, akapaza sauti: mikono juu, upesi. Mama akainua mikono. Yote miwili.

Mkono wa mjomba wako usionyooka unaujua. Ninyi watoto tuliwaambia alianguka kutoka kwa punda. Hatukuwahi kuwa na punda. Mtu akielekezewa bunduki na kuambiwa upesi, hafikiri amebeba nini.

Mwulize mzee wako alikuwa wapi, na mwaka gani. Na usimwinulie mikono tena.

Mama yako,
Serah

Kingsbury
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Sina mzaha leo, na unajua mimi bila mzaha ni kama ugali bila mboga.

Nilimwuliza wakati nikimkausha miguu. Hakuzunguka. Alisema alikuwa askari, mwaka wa hamsini na nne, Nyeri, vijiji vya handaki. Nikamweleza habari za mlangoni na za Mjomba. Akaivuta miguu ndani ya taulo.

"Ulikuwa wewe?" nikamwuliza.

"Ningependa kukuambia hapana," akasema. "Maneno yale niliyasema kila siku, milango mingi. Sijui, Naftali."

Halafu akanieleza mambo ambayo sikuyajua. Kwao ni Donegal, Ayalandi. Babu yake alivaa sare ya Mwingereza akafia Ufaransa katika vita vya kwanza. Baba yake alikua yatima wa vita hivyo, na alipopata nguvu akashika bunduki kumfukuza huyo huyo Mwingereza. Askari wakaja na malori, wakawapanga wanawake uani na nguo za kulalia. Hadithi hiyo Tony alilelewa nayo, jioni baada ya jioni. Kisha, akiwa na miaka kumi na minane, kazi hakuna, akavuka mpaka hadi upande uliobaki wa Mwingereza, akajiandikisha katika jeshi lake. Baba yake akalitoa koti lake nje kwenye mvua na kufunga mlango. Mwaka uliofuata akapelekwa kwetu.

"Siku moja nilikuwa nimesimama uani kwa watu," akaniambia, "nikatazama wanawake waliopangwa, nikajua niko ndani ya hadithi ya baba. Ila nimesimama upande usio wangu."

Nikamwuliza kama ana neno la kukutumia. Alikataa. Alisema msamaha hauombwi kupitia mtu anayekuogesha mgongo, maana mzigo utabaki kwake.

Mama, ofisini kuna msimamizi wetu, Tejal, nikimwomba atanipa mzee mwingine hata kesho. Kazi inayokuumiza siitaki. Niambie.

Mwanao,
Naftali

Voi
20 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, na Pasaka njema. Tumekula vizuri, hata Humphrey alikuja.

Kuhusu mzee, endelea naye. Mtu wa miaka tisini akikaa bila kuoshwa, mkono wa ndugu yangu hautanyooka kwa hilo. Salamu zake tu ndizo usiniletee.

Na usiniandikie mambo ya ndugu wa nyumba moja kupigana pande mbili kana kwamba umegundua nchi mpya. Baba yangu alirudi kutoka Burma na medali ya mfalme. Mdogo wake akaingia msituni kupigana na ufalme huo huo. Vita vilipoisha, Krismasi walikula sahani moja, kila mmoja akitazama upande wake. Wewe unadhani Waairishi ndio waliobuni?

Punguza chapati za yule Vasanti wa dukani. Jennifer alinionyesha picha.

Mama yako

Rayners Lane
14 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na vumbi la huko. Huku mvua imeanza. Miezi hii yote tumeandikiana habari za goti, mbuzi na harusi, na mzee sikumtaja kama ulivyotaka. Leo inanibidi.

Tony alifariki Ijumaa. Alikwenda polepole, nilikuwepo.

Anarudishwa Donegal. Ana dada mmoja, bibi wa miaka themanini na sita, hawajaonana tangu mazishi ya mama yao. Nilimpigia simu mwenyewe wiki tatu zilizopita. Amekubali kaburi la baba yao lifunguliwe azikwe humo, kwa sharti moja: bendera ya jeshi isikanyage uani kwake, wala tarumbeta. Tony alipoambiwa alisema, "Sharti dogo. Nilitegemea aseme nitembee."

Kwao jeneza halipandi gari kutoka nyumbani hadi kanisani. Wanaume hulibeba mabegani, sita sita, wakipokezana njiani, na kila anayeshika ni kama ametangaza kwamba marehemu ni mtu wake. Tony aliniomba nishike zamu moja. Nikamwambia lazima kwanza nimwulize mama.

"Mwulize," akasema. "Mimi sikumwuliza baba, na umeona nilikofika."

Mazishi ni Alhamisi ya tarehe ishirini na tano. Mimi nataka kumbeba, sitakuficha. Lakini ni mlango wa mama yako aliousimamia, au mlango kama ule, na bega hili ulilizaa wewe. Nitakwenda, kwa hilo nimeamua. Kubeba au kutobeba, nangoja neno lako.

Mwanao,
Naftali

Rayners Lane
28 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Neno halikuja, nami silalamiki. Nikueleze tu yaliyokuwa.

Nyumba ya dada yake iko mlimani, na kufika nilihema kama ng'ombe wa kukodi. Ukutani kuna picha ya babu aliyefia Ufaransa, na picha ya mpwa wa Tony, mwana wa dada huyo, aliyekwenda Lebanoni kulinda amani na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Huyo kijiji kilimpokea kwa ngoma. Ya Tony haipo.

Wakati wa kuinua ulipofika, mpwa huyo akanionyesha nafasi, kulia nyuma. Nikamwambia siwezi, sijapata ruhusa ya mama.

Nilijua atanicheka, mtu mzima na upara wangu. Hakucheka. "Basi usiguse," akasema. "Mama yangu yuko jikoni pale, na mimi nina miaka sitini na mbili." Akanipa koti lake nimshikie. Nikatembea kando ya jeneza hadi kanisani nikiwa nimebeba makoti ya watu, yakizidi kila walipopokezana, hadi nikawa sioni njia.

Baada ya maziko dada yake akaniita mezani.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Alikuwa mbishi?"

"Sana."

"Kama baba kabisa," akasema, akaniongezea viazi.

Mwanao,
Naftali

Voi
3 Oktoba 2025

Mwanangu Naftali,

Marahaba. Goti limetulia, mvua bado.

Jibu sikulikawiza. Sikuwa nalo. Niliandika ndiyo nikachana, nikaandika hapana nikachana, hadi Jennifer akaficha karatasi.

Mwishowe nilimwita Humphrey, nikamsomea yote, hata la punda. Akacheka. Akasema mkono huo umemwoa mke, umemjengea nyumba, na kama mabega yalikuwa machache huko Ulaya, ungembeba huyo mzee na yakaisha. Mkono ni wake, aseme apendavyo. Mimi ndiye niliyeona ukivunjika, na hilo hawezi kulisemea yeye.

Ulifanya vyema kungoja. Ungembeba, bado ningekuita mwanangu, ila ningekaa siku nyingi bila kukuandikia. Ulipokaa kando ulinipa nafasi ya kutokuwa na jibu. Wanaume wengi hawajui kumpa mtu nafasi hiyo.

Jennifer anasema wamekupa mzee mpya, unaanza Jumatatu. Usinieleze alipigana wapi. Mwoshe vizuri.

Mama yako,
Serah