Kovu la Kidole Gumba

Kaka yangu,

Mimi sijambo. Paa la karakana tumeliziba, na jirani yangu fundi viatu bado anaimba asubuhi kama mtu anayeng'olewa jino.

Uliniomba nakala ya mkono wa Mama, nami nimekuwa nikiona haya kukujibu. Nilikusimulia nilivyoupaka mpira wa majimaji alipokuwa anaumwa, nikapata kalibu, naye akanicheka kwamba namvisha glavu. Katika kalibu hiyo nilimimina plasta mara arobaini. Watu wa maonyesho waliisifu kazi yangu, kichwa kikanivimba, nikauza zote. Nakala ya kwanza, iliyotoka safi kuliko zote, aliinunua mgeni. Aliuliza ni mkono wa nani. Nikamjibu ni wa mwanamke tu.

Sasa kalibu imechakaa, Kaka. Kila nakala ilibanduka na chembe ya mpira wake. Yako imetoka jana, laini kama mkono wa mtoto, na lile kovu la kidole gumba halipo. Nilishika kisu ili nilichonge upya, nikashindwa kukumbuka lilipinda kuelekea ukucha au kiganja.

Mama alimwambia kila mtu kwamba alikatwa na bati. Mimi siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni, Kaka, nikakuona na kisu. Sijawahi kumwambia mtu, na sikuulizi kwa nini hukuja kumzika. Niandikie tu lilivyopinda.

Mdogo wako,
Vumbi