Kanda ya Idi na Betri Mpya

Jumapili, Agosti 1993

Kumbe betri hazikuwa na kosa! Miaka yote nimezianika juani juu ya bati, nazirudisha kwenye redio, na kanda ya mwanangu Idi inaimba vilevile, polepole, nzito, sauti kama dume la ng'ombe lililokasirika. Watu wakacheka. Idi akaona aibu, bendi yao ya Mchanga wa Kaburi ikafa, gitaa akalitundika.

Leo nimenunua betri mpya, siku hizi maduka yamejaa. Kanda ikanguruma vilevile!

Jirani yangu Mwajuma akapaza sauti uani, "Mama Idi, redio yako inakata roho!"

"Betri mpya, we! Ndivyo wanavyoimba. Nyamaza usikie."

Nami ndipo nikasikia, maana siku zote nilihangaika na redio tu. Mwanangu anamlilia marehemu baba yake. Sasa mfiwa ana haraka gani, jamani? Mwajuma akakaa chini, khanga machoni.

Idi akarudi kutoka kwenye mashamba ya zabibu Makutupora, akatukuta.

"Mama, zima. Watu wanasikia."

"Na wasikie!" Nikaongeza sauti.

Mwajuma, aliyemcheka kuliko wote, akamwambia, "Idi mwanangu, tuimbie huo wimbo wa baba."

Akaingia chumbani kwake. Nilihofia vidole vyake, mkasi wa zabibu umevikomaza. Na moyo wake je...

Lakini hapa naandika, na chumbani kwake gitaa kavu linanguruma. Polepole vilevile. Na lile halina betri.