Mwanya wa Ukutani

Nyololo, Mufindi

Mjukuu wangu Atupele,

Sisi tupo, baridi tu ndiyo inatubana. Bibi yako anakusalimu. Goti lake lina nafuu.

Umeuliza uweke mbao gani sakafuni hapo Mbeya. Weka mninga, na uzilaze mbao humo ndani wiki kadhaa kabla fundi hajapigilia. Mkaratusi ni mgumu, lakini unacheza: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa.

Mimi nilijionea miaka ya sabini, nilipojenga nyumba ya kumleta bibi yako. Nilipigilia mkaratusi mwezi wa kumi, jua kali, nikaubana ukutani hata wembe usipite. Nikajisifu kweli! Desemba mvua ikashika, sakafu ikanyanyuka, mlango ukakwama. Bibi yako, bibi harusi wa wiki mbili, akatoka kwa kupitia dirishani mbele ya mama yangu.

"Mbona umemfungia mtoto wa watu?" mama akaniuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi yako akakung'uta kanga, akacheka. "Mama, nyumba bado inanizoea."

Nilibandua yote. Nikaweka mninga, nikaacha mwanya wa kidole kuzunguka kuta zote. Sindano nyingi za bibi yako zimepotelea humo, na hajawahi kuniambia niuzibe.

Babu yako