Nilichambua Makombe ya Mtaalamu Kama Mbegu

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, maana akili yangu haitulii. Mimi ni mke wa Urbano, tunakaa kijiji cha ujamaa karibu na Mpui, na mume wangu ni kibarua wa Ndugu Ambakisye, mtaalamu wa miamba kutoka Mbeya, nao wawili tangu kiangazi walikuwa wakishuka bonde la Rukwa kuchimba kwenye ukuta wa korongo makombe ya kome waliokufa zamani mno hata wakageuka jiwe, kome ambao hawapo tena popote, wanasema waliishi kwenye maji ya chumvi kidogo, na wakubwa wa kazini wanabishana kama asili yao ni baharini au mtoni. Walirudi na mifuko mitano yenye namba, wa kwanza makombe ya tabaka la juu kabisa, wa tano ya chini kabisa, wakaiacha kwangu, Ndugu Ambakisye akaenda Sumbawanga, Urbano akaenda Msanzi kumwona mama yake, nami nikaona aibu mgeni akute mali yake ina matope, nikamwaga yote kwenye ungo mmoja, nikaosha, nikafua na mifuko, kisha nikachambua kama tunavyochambua mbegu, makubwa yenye mbavu mfuko wa kwanza kwa kuwa ndio mpana, madogo laini wa tano. Urbano alipokuta mifuko kwenye kamba alinicheka, "Wewe siku moja utaosha hata mkaa." Sikumwambia nimechanganya, sikujua ni kosa.

Sasa Ndugu Ambakisye ameifungua, akaniita kwa furaha. "Mama, ona. Chini, kwa wa zamani zaidi, wadogo kama wa mtoni, juu wakubwa. Walitoka mtoni, wakazoea chumvi hapa hapa, kizazi kwa kizazi." Amemsifu Urbano kwa umakini, ameandika aajiriwe moja kwa moja, na sanduku la makombe hayo linangoja barabara ya Tunduma ikauke lori lipite. Je, ukoo huo wa kome ni wa kweli au nimeutunga mimi kwenye ungo? Nikisema, mume anakosa kazi. Nikinyamaza, silali.

Bertilla

JIBU

Bertilla, kuosha hakukuwa dhambi. Hakuna aliyekueleza kwamba namba ya mfuko ina maana kuliko kombe lililomo. Hilo ni kosa lao, waambie hivyo. Lakini siku ulipoitwa uone, ukaona, ukanyamaza, kosa likawa lako.

Unauliza kome hao walitoka wapi. Mimi sijui, wewe hujui, na Ndugu Ambakisye hajui, ila yeye anadhani anajua. Huenda hata amepatia. Korongo ndilo litakalosema, na halijahama. Wachimbe upya, tabaka kwa tabaka.

Mwambie Urbano kwanza, leo, kabla hajala. Atafoka, mwache. Kisha nendeni wote wawili, ueleze ulivyomwaga na ulivyopanga, bila kulia na bila kumsingizia shetani. Kama kazi itapotea, ilikuwa imepewa mpangilio wako, si jasho lake. Nimefanya kazi ya magazeti miaka kumi na tisa: kosa likishachapwa, sahihisho lake husomwa na wachache.

Jibu hili nimekutumia kwa posta wiki tatu kabla ya kulichapa. Hukuomba majina yafichwe. Ukilisoma hapa gazetini kabla hujasema, ujue Sumbawanga nako limeshafika, na Ndugu Ambakisye anaweza kulisoma.