Egemeo la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Imezimika tena. Mara nne! Nikiwa peke yangu, pikipiki inaenda vizuri. Mke wangu akipanda nyuma, inaenda. Akipanda mama yake — kimya. Akishuka, napiga kiki moja, inawaka kama vile haijafanya kitu. Tena taa haizimiki. Injini tu.

Tumefika hospitali dirisha la usajili limeshafungwa. Karani amesema operesheni ya jicho ni Alhamisi hii. Tukikosa, madaktari wa macho hawarudi mpaka mwakani. Jicho la kushoto la Mama lilishakufa, na hili la kulia linaona vivuli. Juzi amelisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi.

Njia nyingine hakuna. Gari halipiti kile kidaraja cha mbao, na pikipiki ya mtu asiyemjua hapandi, hata umwambie nini.

Wakati wa kurudi, ilipozimika mara ya nne, amesema taratibu, "Baba, chombo chako hakinitaki." Nimemwambia si hivyo, Mama.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi pikipiki tangu asubuhi. Karakana yangu ya useremala sijaifungua. Ameweka plagi mpya, amepima betri, amesafisha kabureta. Nikamwambia inazimika akipanda mama mkwe tu. Akanitazama kama nimelewa. Kisha akafunga mfuko wa saruji kwenye siti ya nyuma, kilo hamsini, tukazunguka nao hadi sokoni na kurudi. Haikukohoa hata mara moja! Fundi akacheka mpaka akakaa chini: basi mbovu si pikipiki, ni mkwe.

Na mimi kwa ujinga wangu nikaja kuyasimulia hayo nyumbani, nikidhani mke wangu yuko peke yake jikoni. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Mdomo huponza kichwa, kweli. Chakula hakugusa. Amemwambia bintiye kwamba Alhamisi haendi, watu wasihangaike kwa ajili ya jicho la kizee.

Najisikia vibaya sana.

Jumatano, 5 Machi

Ee Mungu, asante! Naandika mikono ina grisi.

Nimeamka najua jambo moja: hitilafu hii haipatikani mpaka Mama mwenyewe akae. Lakini unamwambiaje mama mkwe, panda nikukague? Nikamwomba mke wangu aseme. Akajibu yeye hayumo, aliyelikoroga alinywe. Nikabaki uani nafungua skrubu zile zile nilizofungua jana.

Mama akatoka mwenyewe, anapapasa ukuta. Akauliza chombo kiko wapi.

"Mfuko umepimwa. Na mimi nipimwe."

Akapanda. Nikalala chini, uso nimeuelekeza kwenye gurudumu kwa heshima. Injini inanguruma. Dakika tano nzima, hakuna kitu. Mama akachoka kukaa wima, akaegemea egemeo la siti — kimya!

Mama, hebu inua mgongo. Kiki, ikawaka. Egemea. Ikazimika. Tumefanya hivyo mara saba, za mwisho kwa raha tu, mke wangu mlangoni anapiga makofi. Mfuko wa saruji hauegemei! Wala mke wangu haegemei, yeye hunishika kiuno.

Nimefungua siti. Boliti ya egemeo imepita chini urefu wa kidole. Mgongo ukisukuma, ncha yake inauchoma waya wa kuzimia injini. Waya umechunika, na ukigusa chuma tu, moto haufiki kwenye plagi. Basi, ni hilo tu! Nimekata boliti kwa msumeno wa chuma, waya nikaufunga tepu nyeusi na kuupitisha mbali. Nikamzungusha Mama uani mara tatu, ameegemea, mikono mapajani. Nilitaka kulia kwa furaha. Kesho anaenda.

Ila boliti ile ni yangu. Egemeo nililichonga mwenyewe mwezi uliopita, ili Mama asiumie mgongo. Nikalifunga kwa boliti ya kitanda! Sisi maseremala tunapenda kitu kishike. Nimewaambia tu kwamba waya ulichunika. Mama amenishukuru mbele ya bintiye, na mimi nikaipokea shukrani yote, sina haya.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha operesheni. Tumefika kabla dirisha halijafunguliwa! Haikuzimika, hata kwenye kidaraja. Mama ameegemea njia nzima, akinisimulia vituko vya marehemu baba mkwe mpaka nikasahau kuogopa.

Wameingia naye saa tatu. Sasa ni saa nne na robo. Kabla ya kuingia ameniachia leso yake imefungwa fundo, nimshikie.

"Kuna kitu nilikikanyaga uani jana," akasema. "Kesho wakinifungua jicho, cha kwanza nataka kukitazama hicho."

Nimelifungua fundo sasa hivi. Kipande cha boliti.

Amejua. Kitanda chake nilikifunga kwa boliti hizi hizi, na yeye ndiye aliyenishikia nati. Amejua tangu jana, na bado njia nzima ameegemea egemeo langu. Nacheka peke yangu, watu wa benchi wananitazama. Nitamwambia yote. Kesho, akishaniona usoni. Mungu, na anione tu.

Mlango umefunguka. Nesi anauliza, mwana wa yule mama wa jicho la kulia ni nani.

Nasimama mimi.