Neno Tulilolikata Vibaya

Baba,

Nakuandikia kwa siri, kwa sababu Mama hataki kusikia jina lako. Yumo edani, chumbani kwenu hapa Kikwajuni, na hajakulilia bado. Foleni ya mchele naipanga mimi sasa.

Ulipopooza, Kiswahili kilikutoka, ukabaki na kile Kinorwei cha melini. Sisi tukisikia "dri-kevani, dri-kevani" tu. Tukakupa uji, tukakupa chai ya tangawizi, ukageuza uso. Mama akasema Kevani ni mwanamke wako wa huko. "Miaka yote nimemngoja, leo anamwita mwenziwe mbele yangu." Akatoka, akakaa ukumbini kaelekea ukutani. Ukakata roho naye hayupo, Baba. Mkono wako niliushika mimi peke yangu.

Juzi imekuja meli ya Kinorwei kupakia karafuu. Nikamfuata baharia mmoja, mtu mzima, pale bandarini Malindi, nikamwambia, "Dri-kevani." Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akataka kwenda zake. Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha kuitamka kazi yako, mpishi wa meli. Mimi nasema skip-skokk, wewe unacheka. "Skips-kokk, mwanangu. Hiyo s ya kati ni ya meli, si ya mpishi. Wao huunga maneno mawili likawa moja. Ukikata pasipo kiungo, hawakuelewi."

Basi nikajaribu kukata pengine. Drik, kevann. Hapana. Drikke. Vann.

Akaingia mkahawani, akatoka na gilasi ya maji, akanikabidhi.

Maji ya kunywa. Baba, ulikuwa na kiu.

Sikuweza kuyanywa. Nilikaa chini pale pale njiani, watu wakanizunguka, wananiuliza nina nini.

Nimemwambia Mama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Maji tu?" Nikamjibu, maji tu. Akajifunika kanga usoni, na tokea hapo hali, hasemi. Jana nimempelekea maji, kayatazama, kayarudisha. Nnaogopa, Baba. Labda ningemwacha na hasira yake, maana hasira ilikuwa ikimsimamisha. Nikimpoteza na yeye, ntabaki na nani?

Eda ikisha ntamleta kaburini kwako, hata kwa kumbeba. Ntasimama mbali, akwambie mwenyewe alilo nalo. Hilo nakuahidi.

Lala, baba yangu. Mungu akunyweshe, sisi hatukujua.

Mwanao,
Zuhura